Jina la Richter: Maana Yake, Asili Yake, na Jinsi Lilivyoenea



Hapa kwetu Ruhuwiko, katika mji wa Songea, kijana mmoja wa darasa la kipaimara alituletea swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile ile. Alikuwa amesikia katika redio habari ya tetemeko la nchi, ya kuwa nguvu zake zilipimwa kwa "kipimo cha Richter." Tena alikuwa amesikia kwa wazee ya kuwa mkuu wa boma la Wadachi hapa Songea wakati wa Vita vya Maji Maji aliitwa Kapteni Richter. Akauliza: "Waalimu, je, huyu aliyepima matetemeko ni wa nyumba moja na yule aliyewatesa babu zetu? Na kama ndivyo, kwa nini tunalitaja jina lake kwa heshima kila nchi itetemekapo?"

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali lile lina maswali mengine ndani yake. Jina la mtu ni nini? Je, wenye jina moja ni ukoo mmoja? Je, kosa la mmoja huwafuata wote waitwao kama yeye? Basi tumeona vema kulichunguza jina hili kwa utaratibu, na kuwaletea waalimu na wasomaji wote yale tuliyoyapata.

1. Maana ya neno lenyewe

Katika lugha ya Kijerumani, ambayo wazee wetu waliiita Kidachi, richter ni mwamuzi, au hakimu. Neno hili limetoka katika richten, ambalo maana yake ni kunyoosha kitu, na tena kuamua shauri. Nalo ni jamaa ya neno recht, yaani kilichonyoka, tena kilicho haki. Kwa hiyo richter, kwa asili ya neno, ni mtu anyooshaye kilichopinda.

Sisi Waswahili twaitazama kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine. Mwamuzi ni mtu aamuaye, na kuamua ni kuwatenga watu wawili walioshikana katika ugomvi. Neno hakimu tumelipata kwa Waarabu, pamoja na hukumu na mahakama. Basi Mdachi husema kwamba shauri limepinda, na linyoshwe. Mswahili husema kwamba watu wameshikana, na waachanishwe. Maneno ni mbalimbali, kazi ni moja.

Wasomaji wa Biblia watapenda kujua jambo moja zaidi. Kitabu kile tukiitacho Waamuzi, katika Biblia ya Kidachi ya Martin Luther huitwa kwa neno lili hili, Kitabu cha Richter. Gideoni ni richter, na Yeftha ni richter, na Samsoni vilevile. Kwa hiyo mtoto wa Kijerumani mwenye jina hili, kila afunguapo Biblia mahali pale, huliona jina la baba yake limeandikwa juu ya ukurasa. Ni jina la heshima kubwa. Lakini heshima ya jina ni kitu kimoja, na heshima ya mtu ni kitu kingine, kama tutakavyoona.

2. Jinsi Wajerumani walivyopata majina ya ukoo

Msidhani ya kuwa Wajerumani walikuwa na majina ya ukoo tangu mwanzo. Zamani kila mtu alikuwa na jina moja tu, kama Heinrich, au Konrad, au Johannes. Hata ilipopata miaka ya 1100 na baadaye, miji ikaongezeka watu, na majina yaliyopendwa yakawa machache. Katika mtaa mmoja wakawapo Yohana kumi. Mwenye kuandika kodi akaandika "Yohana amelipa," na kesho yake Yohana tisa wakaja kudai kwamba ndio wao waliolipa. Hapo ndipo watu walipoanza kuongeza neno la pili ili kumtambulisha mtu. Desturi hiyo ilianza kwa wakuu na katika miji, kisha ikafika vijijini polepole, kwa muda wa miaka mia tatu au minne.

Neno hilo la pili lilipatikana kwa njia nne. Wengine waliitwa kwa jina la baba. Wengine waliitwa kwa mahali walipotoka au walipokaa. Wengine waliitwa kwa umbo au tabia, kama Klein, maana yake mdogo, na Lange, maana yake mrefu. Na wengine wengi mno waliitwa kwa kazi zao. Hata sisi twafanya hivyo kila siku bila kufikiri. Tukiwa na akina Yohana wawili mtaani, mmoja twamwita Yohana fundi, na mwingine Yohana wa bondeni, na kila mtu anajua ni nani anayetajwa. Tofauti ni hii tu: kwetu Yohana fundi akifa, neno fundi hufa pamoja naye, kwa Wajerumani neno lilibaki kwa wana na wajukuu, hata kama mjukuu hakuwa amewahi kushika nyundo.

Ukitaka kujua jinsi majina ya kazi yalivyo mengi kwao, tazama yale yanayochukuliwa na watu wengi kupita yote katika Ujerumani. La kwanza ni Müller, msaga nafaka. La pili ni Schmidt, mhunzi. Kisha Schneider, mshona nguo, Fischer, mvuvi, Weber, mfuma nguo, Meyer, msimamizi wa shamba la bwana, Wagner, mtengeneza magari ya kukokotwa, Becker, mwoka mikate, Schulz, mkuu wa kijiji, Hoffmann, mtu wa shamba kubwa. Baada ya hao hufuata Schäfer, mchunga kondoo, Koch, mpishi, Bauer, mkulima, na karibu na nafasi ya 14 lipo jina letu, Richter. Ndipo tunapolikuta jina lisilo la kazi, Klein.

Majina ya namna hii yamefika kwetu Afrika ya Mashariki zamani. Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka wa 1848, alizaliwa Gerlingen katika nchi ya Württemberg, penye mashamba ya mizabibu. Na jina Rebmann maana yake ni mtu wa mizabibu. Naye Hans Meyer, aliyefika kilele cha mlima ule mwaka wa 1889, alichukua jina la msimamizi wa shamba, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa vitabu na safari.

3. Richter wa kijijini alikuwa mtu gani?

Sasa tuje kwa jina letu. Msomaji atauliza: ikiwa richter ni hakimu, na mahakimu ni wachache katika nchi yo yote, imekuwaje jina hili kuwa la watu wengi hivi?

Jibu ni kwamba richter wa zamani hakuwa hakimu wa mji mkubwa avaaye joho. Alikuwa mkuu wa kijiji. Kati ya miaka ya 1100 na 1300 wakulima wengi wa Kijerumani walihama kwenda upande wa mashariki, katika nchi za Saxony, Lusatia, Silesia na mipaka ya Bohemia, wakafyeka misitu na kujenga vijiji vipya. Bwana mwenye nchi alimchagua mtu mmoja wa kuwaongoza wahamiaji na kuwagawia mashamba. Kazi ilipokwisha, mtu huyo alipewa ujira wake: shamba lisilotozwa kodi, mara nyingi na ruhusa ya kuwa na nyumba ya kuuzia pombe, au kinu cha kusagia, pamoja na cheo cha kuwa mwamuzi wa kijiji. Tena alipata sehemu ya faini, kwa desturi sehemu moja katika tatu. Mbili zilikuwa za bwana.

Cheo hicho kilirithiwa. Baba akifa, mwana alikaa katika kiti chake. Mwamuzi wa namna hiyo aliitwa Erbrichter, yaani mwamuzi wa kurithi. Baraza mara nyingi lilikutana katika nyumba yake ya wageni, na hata leo katika Saxony ziko nyumba za wageni zichukuazo jina la baraza lile la kurithi, ingawa hakuna aamuliwaye humo tena.

Je, aliamua mashauri gani? Aliamua pamoja na wazee wa kijiji mashauri madogo: mipaka ya mashamba, madeni, ng'ombe walioingia katika shamba la mtu, matusi na ngumi za siku ya sikukuu. Lakini mashauri ya damu, yaani ya kumwua mtu au kumkata kiungo, kwa kawaida hayakuwa yake. Hayo yalikuwa ya bwana mwenye nchi. Twaomba msomaji alikumbuke neno hili, maana tutalirudia.

Na kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na mwamuzi wake, na vijiji vilikuwa maelfu, jina Richter lilizaliwa mara nyingi sana, mahali pengi, kwa watu wasiojuana kabisa. Mahali pengine mkuu wa namna ile ile aliitwa Schulze au Schulz, na katika Silesia Scholz. Ndiyo sababu katika eneo moja akina Richter ni wengi, na jirani yake akina Schulz ni wengi. Kazi ni moja, neno ndilo lililotofautiana.

Tena si kila aitwaye Richter ni uzao wa mwamuzi. Huenda babu wa mtu alikuwa mtumishi tu katika nyumba ya mwamuzi. Au alipanga shamba lililokuwa la mwamuzi. Au alipenda mno kuingilia ugomvi wa wengine, hata majirani wakambandika jina hilo kwa mzaha. Na Wayahudi wakaao katika nchi za Kijerumani waliamriwa na serikali kutwaa majina ya ukoo yasiyobadilika, katika Austria mwaka wa 1787, na katika Prussia mwaka wa 1812. Miongoni mwao pia wamo waitwao Richter.

4. Jinsi jina lilivyoenea

Basi shina la jina hili ni mashariki ya Ujerumani, na hata leo Saxony ndiko linakosikika zaidi. Kwa upande wa kusini-magharibi ni chache kuliko huko. Majirani nao walilitwaa neno. Wacheki walisema rychtář kwa mkuu wa kijiji, na neno lao likawa jina la ukoo kwao pia. Wahungari hawakulitwaa neno, bali walikuwa na wazo lile lile: Bíró, maana yake mwamuzi, ni jina la ukoo lijulikanalo sana kwao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka wa 1945, Wajerumani wapatao milioni 12 walifukuzwa au kukimbia kutoka Silesia, Bohemia na nchi nyingine za mashariki. Wakaja Ujerumani ya leo na Austria wakiwa na mizigo mikononi na majina yao. Kwa njia hiyo jina lililokuwa la upande mmoja likatawanyika pande zote. Wengine walikuwa wamekwisha kuvuka bahari zamani, wakakaa Marekani. Wengine walikuwa wamekwenda Urusi.

Kwa hiyo tukiwatazama wenye jina hili waliojulikana duniani, twaona watu wa namna nyingi. Johann Paul Friedrich Richter, aliyeishi tangu 1763 hata 1825, alikuwa mwandishi wa vitabu, akajulikana zaidi kama Jean Paul. Ludwig Richter, aliyezaliwa mwaka wa 1803, alikuwa mchora picha wa Dresden. Julius Richter, aliyeishi tangu 1862 hata 1940, alikuwa mwalimu wa mambo ya misheni katika Chuo Kikuu cha Berlin, akaandika habari za misheni katika Afrika, na mwaka wa 1934 kikatolewa kitabu chake kuhusu Tanganyika. Sviatoslav Richter, aliyezaliwa mwaka wa 1915, alikuwa mpiga piano mkuu wa Urusi. Burton Richter wa Marekani, wa jamaa ya Kiyahudi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 1976.

Na yule aliyetajwa katika redio? Huyo ni Charles Richter, Mmarekani, aliyezaliwa katika jimbo la Ohio mwaka wa 1900, akafa mwaka wa 1985. Mwaka wa 1935 alitoa kipimo chake cha matetemeko, akisaidiana na mwenzake Beno Gutenberg. Kipimo hicho huhesabu hivi: kila namba moja ikiongezeka, mtikisiko uandikwao na chombo huwa mkubwa mara kumi. Siku hizi wataalamu hutumia zaidi kipimo kingine kilichotengenezwa baadaye, lakini watangazaji wengi wangali wakimtaja Richter. Ndivyo watu wengi walivyolisikia jina hili tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la nguvu ya 5.9 lilipoipiga Kagera na kuangusha nyumba nyingi za Bukoba.

Hapo twaweza kumjibu kijana wetu sehemu ya kwanza ya swali lake. Jina moja si ukoo mmoja. Jina lililozaliwa katika vijiji mamia haliwezi kuwa ushahidi wa udugu, kama vile mafundi wawili, wa Songea na wa Tanga, wasivyokuwa ndugu kwa kuwa wote huitwa fundi.

5. Richter wa Songea

Lakini swali lake lilikuwa na sehemu ya pili, nayo haitupasi kuipita upesi, maana makaburi yake yako hapa hapa.

Wadachi walijenga boma lao katika nchi ya Wangoni mwaka wa 1897, karibu na makao ya nduna Songea Mbano. Wangoni walikuwa na falme mbili: Njelu, ambayo nkosi wake wakati wa vita alikuwa Mputa Gama, na Mshope, ambayo nkosi wake alikuwa Chabruma. Mwaka wa 1905 Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi, na mwaka huo huo vikafika Ungoni. Mkuu wa boma la Songea alikuwa Kapteni Richter. Na baadaye akaja Meja Johannes pamoja na jeshi lake. Jina la ukoo la huyu wa pili ni Yohana tu, jina la mtume. Watu wale wawili, mmoja mwenye jina la Mwamuzi na mmoja mwenye jina la Yohana, ndio waliokuja na bunduki juu ya nchi hii.

Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wa Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa hapa Songea, naye Mputa Gama akiwa mmoja wao. Songea Mbano naye aliuawa mwaka ule ule. Hata hapo mambo hayakwisha. Mashamba yalichomwa moto na maghala yaliharibiwa, ili watu washindwe kwa njaa. Na Kapteni Richter hakulipinga shauri hilo, bali alilikubali. Wataalamu wa historia hukadiria ya kuwa watu waliokufa katika vita vile vyote, kwa silaha na kwa njaa, ni kutoka 75,000 hata 300,000.

Sasa tukumbuke tuliyosema juu ya mwamuzi wa kijijini. Mtu yule wa zamani, ambaye jina lilitoka kwake, aliketi pamoja na wazee wa mahali pale, watu waliomjua mshtaki na mshtakiwa. Aliamua habari za mipaka na madeni. Damu ya mtu haikuwa mkononi mwake. Lakini hapa Songea, mtu mwenye jina lile alikuwa mkuu katika boma ambamo washtakiwa walihukumiwa na adui zao waliopigana nao. Mshtaki na mwamuzi walikuwa upande mmoja, na wazee wa nchi hawakuketi barazani kuamua, bali walisimama chini ya kamba. Kwa jina lilikuwa boma la Mwamuzi. Kwa tendo halikuwa la uamuzi. Kilichopinda hakikunyoshwa.

6. Jina hurithiwa, unyofu haurithiwi

Wahenga wetu husema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Mithali hii ina ukweli wake kwa nyoka. Kwa wanadamu yatupasa kuitumia kwa uangalifu.

Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 8. Samweli alikuwa mwamuzi mnyofu maisha yake yote. Alipozeeka aliwaweka wanawe wawili, Yoeli na Abiya, kuwa waamuzi baada yake, kama vile Erbrichter alivyomwachia mwanawe kiti. Wana wale walirithi kiti na jina, lakini walipokea rushwa na kuipotosha haki. Hivyo mtoto wa mtu mnyofu alipinda. Naye Gideoni, katika Waamuzi sura ya 8, watu walipotaka atawale yeye na mwanawe na mjukuu wake, alikataa. Alijua ya kuwa kazi ya namna hiyo haipitishwi kama ng'ombe wa urithi.

Ikiwa wema haurithiwi pamoja na jina, basi ubaya nao haurithiwi pamoja na jina. Hatuwezi kusema la kwanza na kulikataa la pili. Mpiga piano wa Urusi na mpima matetemeko wa Marekani hawakuwa na neno lo lote katika mambo ya Songea ya 1906. Kumshtaki mtu kwa sababu ya jina lake ni kufanya yale yale yaliyofanywa hapa, yaani kuhukumu bila kumsikiliza.

Lakini wasomaji wasituelewe vibaya. Hatusemi ya kuwa mambo yale yasahauliwe. Mtu binafsi hachukui kosa la mwenye jina kama lake, lakini taifa lililotuma jeshi na kujenga boma lina deni lake. Hilo lilionekana tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika hapa Songea. Alikwenda kwenye Makumbusho ya Maji Maji, akaonana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda watu wa nchi hii. Wazao wale wamekuwa wakiomba tangu zamani warudishiwe kichwa cha babu yao, ambacho yasemekana kilipelekwa Ujerumani. Naye aliahidi kusaidia kukitafuta, ila hakuweza kuahidi ya kuwa kitapatikana.

Na jina la mgeni huyo nalo ni la kazi. Stein ni jiwe; meier ni lile lile Meyer tulilolitaja juu, msimamizi wa shamba la bwana, mtu awekwaye juu ya mali isiyo yake na atakiwaye kutoa hesabu. Watu wa sharika zetu wanalijua neno la kazi hiyo: ni wakili. Nyumba kama za akina Steinmeier zilikuwa nyingi katika nchi ya Westphalia na jirani zake, na kila msimamizi aliongezewa neno la kumtofautisha, huyu wa jiwe, yule wa bonde. Basi mwaka wa 1906 alikuwapo hapa mtu aitwaye Mwamuzi, na haki haikuonekana. Mwaka wa 2023 alikuja mtu aitwaye Wakili, akakiri ya kuwa iko hesabu ya kutoa. Hatusemi ya kuwa jina lilimfanya aje. Twasema ya kuwa tendo hupimwa kwa tendo, wala si kwa jina.

7. Jibu letu kwa kijana

Jumapili iliyofuata tulimwita yule kijana pamoja na wenzake, tukawaeleza mambo haya kwa kifupi. Alisikiliza, kisha akasema, "Basi jina halina maana." Tukamjibu ya kuwa sivyo. Jina lina maana, tena kubwa. Wahenga husema, "Jina jema hung'aa gizani." Ila jina jema si lile lenye maana nzuri katika kamusi; ni lile ambalo mwenyewe amelijaza matendo mema.

Tukawaonyesha pia neno lililo mbele ya macho yao kila siku. Boma lilikuwa la Kapteni, na bunduki zilikuwa zake, na siku ile ushindi ulikuwa wake. Lakini mji huu hauitwi kwa jina lake. Waitwa Songea. Kila barua iletwayo, kila basi liingialo, kila mtoto aandikaye mahali alipozaliwa, hutaja jina la nduna aliyeuawa. Jina la Kapteni hukumbukwa na wachache wanaosoma historia, nao hulitaja pamoja na njaa na kamba.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama yeye, akiwa siku moja hakimu, atapaswa kuitwa Richter. Safari hii na sisi tulicheka. Tukamwambia ya kuwa hilo halimpasi. Inatosha anyooshe kilichopinda.

Maswali ya kujifunza

Waalimu waweza kuyatumia maswali haya katika madarasa yao:

1. Neno richter lina maana gani, na linatofautianaje na neno mwamuzi kwa asili yake?
2. Taja njia nne ambazo Wajerumani walipata majina yao ya ukoo. Je, katika ukoo wako majina yalipatikana kwa njia gani? Waulize wazee kabla hujajibu.
3. Kwa nini wenye jina la Richter si ukoo mmoja?
4. Mwamuzi wa kijiji cha zamani aliruhusiwa kuamua mashauri gani, na yapi hayakuwa yake? Linganisha na mambo ya Songea mwaka wa 1906.
5. Soma habari za wana wa Samweli na za Gideoni. Ni kitu gani baba aweza kumwachia mwanawe, na ni kitu gani hawezi?
6. Kuna tofauti gani kati ya kumshtaki mtu kwa sababu ya jina lake, na kulitaka taifa likiri deni lake?